Uyoga Uliokatwa Mashina

Nakumbuka Jumamosi moja, mvua za kwanza zimeshanyesha Tabora, nasi wasichana watatu wa chuo cha ualimu tumechoshwa na maharage ya bwenini hadi harufu yake ilitukera. Domisiana, mwenzetu wa Urambo, alirudi kutoka porini na kanga imejaa uyoga mweupe, keshaukata mashina huko huko ili asituletee matope. Eneria wa Ulyankulu akatwanga karanga. Mimi, mtu wa Kigwa, nikawasha jiko la mkaa. Mwanangu, njaa ya mwanafunzi unaijua, sina haja ya kukusimulia.

Sufuria ilipoanza kunukia, akapita Mwalimu Sabina. Ndiye aliyeshika maktaba yetu na kutufundisha namna ya kutafuta habari na kuzipima, somo ambalo wengi wetu tulilisinzia. Tulimwamkia, akaitikia, akachungulia sufuria, akauliza nani anaujua uyoga ule. Tukamjibu kwa kicheko kwamba sote tunaujua.

Yeye hakucheka. Alimuuliza kila mmoja peke yake. Domisiana akasema aliuchuma kwa sababu Eneria alikuwa akiusifia sana uyoga mweupe. Eneria akasema aliousifia ni ule wa Burundi walikotoka wazazi wake. Huu wa hapa aliniachia mimi mwenyeji. Nami, nikwambie ukweli, sikuwa nimeutazama vizuri. Nilimwamini Domisiana kwa jinsi alivyoubwaga pale bila wasiwasi.

"Kwa hiyo mko watatu," Mwalimu alisema, "na anayejua hayupo."

Akaiepua sufuria, akaenda kuimwaga chooni, karanga na vyote. Tulikula ugali kwa chumvi, na mimi nilimchukia mama yule kwa moyo wangu wote. Kesho yake tulimpita bila kumwamkia. Akatuita.

"Nuneni mpaka mmalize chuo," alisema. "Lakini likizo hii kila mmoja akaulize kwao, ule uyoga unaliwa au hauliwi. Msiambiane kitu mpaka mrudi."

Nilipanda treni hadi Kigwa nikiwa nimeapa kumuumbua. Bibi yangu alichuma uyoga tangu usichana wake na alikuwa bado hai, ushahidi gani tena nitafute? Nikamweleza rangi, ukubwa, hata harufu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta kwa ungo, kisha akauliza chini kwenye udongo ulikuwaje. Nikamjibu kwamba mashina tulikuwa tumeyakata. Ungo ukatulia mikononi mwake. Akanieleza kwamba kuna aina mbili zinazofanana juu: mmoja wanaula kila mwaka, mwingine umeshazika watu hapo hapo kijijini. Tofauti yao iko chini, kwenye shina.

"Mmekata pale pale penye jibu, mjukuu wangu," alisema, akaendelea kupepeta.

Tuliporudi chuoni, Domisiana alikuwa amemuuliza bwana misitu wa Urambo, Eneria amewauliza akina mama wanaouza uyoga kando ya barabara kwao. Hawa watu na bibi yangu hawajuani, wala hatukuwa tumeambiana lolote. Wote walituuliza swali moja: shina lilikuwaje? Hofu ikanishika siku hiyo, wakati sufuria ilishamwagwa siku nyingi. Tulikwenda kwa Mwalimu Sabina, tukamwambia hatujui na hatutajua kamwe.

"Hilo," alisema, "ndilo jibu la kwanza la kweli mlilonipa tangu mje hapa."

Mwanangu, ndiyo maana nikaja kulifundisha somo lile miaka yote, na vijana wakaniita mkali. Wacha waniite. Juzi ulikuja na kazi yako ya chuo kuhusu misafara ya zamani iliyopita hapa kwetu, ukanionyesha kwenye simu kurasa kumi zinazosema jambo moja. Nilizisoma. Zina maneno yale yale, mpaka kosa la jina la kijiji ni lile lile. Hao si mashahidi kumi. Ni mtu mmoja aliyenakiliwa mara tisa, na wewe ulikuwa njiani kuwa wa kumi.

Basi nisikilize. Habari ikikufikia imeoshwa na kupendeza, anza kwa kutafuta kilichokatwa: nani aliyeona, aliona wapi, lini, na aliyemfuatia aliipata kwa nani. Ukikuta wawili wanakubaliana, chunguza kwanza kama hawakuambiana. Na ukitafuta ukakosa, andika kwamba umekosa, utie saini yako bila haya. Watakucheka, kama tulivyomcheka yule mama. Usirudi nyuma hata hatua moja, maana siku moja utakuwa mwalimu, na watoto wa watu watakula unachowapikia.

Mungu akupe macho ya kutazama mara ya pili, akupe na kifua cha kuwaambia wenye njaa wasubiri. Aniwekee wewe salama kama alivyotuweka sisi watatu. Na ukija tena na habari yako, mwanangu, niletee na udongo wake.