Pete ya Pembe Nne

Kiwandani walimwita Mama Njiti, na hakukasirika. Dada yangu amepima mafuta miaka ishirini na sita katika kiwanda cha rangi ya viatu, kwenye chumba chenye dirisha moja na harufu iliyomfuata hadi kitandani. Chuo hakukikanyaga, alisoma vitabu vilivyotupwa na wakubwa. Nta iliyoanguka sakafuni aliifinyanga vigololi, akavichomeka njiti za ufagio, tayari ana molekuli mkononi.

Mimi nilikuwa mjaza mapipa, na kichwa changu kigumu. Alinifundisha hivyohivyo.

"Hii ni kafuri," alisema, akinionyesha kitu kilichobanana kama kizimba kidogo. "Kila upande umeshikwa na mwenzake. Itapotea hewani polepole, lakini kuvunjika, thubutu! Sasa tazama tapentaini, mafuta ya mapipa yako." Hapo palikuwa na pete ndogo ya pembe nne, njiti zake zimepindwa hadi zinalia. "Hii imekaa kwa kujilazimisha. Zote zimetoka kwenye miti, zote zina kaboni kumi, ila umbo ndilo linaloamua. Iguse kwa tindikali uone. Pete inafunguka, joto lote linatoka."

Akaziweka zote mbili dirishani, juani. Nta ilipolainika, pembe nne ndiyo ilifyatuka ya kwanza, njiti ikanipiga puani. Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuchungulia.

Kisha tukaletewa bosi mpya. Aliona tapentaini yetu ina umanjano, akataka ing'ae kama maji. Akaagiza udongo wa kusafishia mafuta, ule uliooshwa kwa tindikali, umwagwe ndani ya mapipa yaliyojaa. Dada alimfuata, njiti mkononi.

"Bosi, haya si mafuta ya kupikia. Udongo huu utaifungua pete."

"Mama, tuondolee michezo ya watoto hapa. Mimi nimesoma."

Nikaamriwa nimwage. Dada alikuwa mlangoni akinipungia mkono niache, nami nikajifanya sijamwona, maana bosi alikuwa ananitazama. Pipa likanguruma, likapata moto, likanitapikia usoni. Jicho la kushoto lilikwenda siku hiyohiyo. La kulia linaona vivuli.

Ikaundwa kamati kutafuta kosa ni la nani. Nikionekana mzembe, natoka mikono mitupu na jina limeharibika. Ukimwacha bosi, shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni damu yangu, kwa hiyo nililala usingizi wangu vizuri.

Aliandika kwamba niliacha pipa juani, limefungwa, likachemka. Akatia saini. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu.

Nina hasira naye, sitaficha. Kila jioni akitoka kazini huja kuniwekea dawa, na kuniuliza kama nimekula, kana kwamba hakuna kilichotokea. Jana nilitoa kwenye kopo pete moja ya tapentaini niliyoihifadhi tangu zamani, nikamwekea kiganjani.

"Dada, nieleze tena. Pipa lilichemka kwa nini?"

Chumbani tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Nilisikia njiti ikifyatuka vidoleni mwake.

"Jua, mdogo wangu," alisema. "Siku ile jua lilikuwa kali."

Kisha akaniinua kidevu, akadondosha dawa kwenye jicho lililobaki.