Laini Ilikuwa Yangu, Programu Ilikuwa ya Binti Yangu

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Huku kwetu Mugoma tupo. Mama mkwe anawasalimu, macho yamefifia ila mdomo bado mzima. Baba watoto naye mzima, yupo shambani, salamu zake nawapa mimi kwa sababu hajui kama naandika. Mapacha wangu wa darasa la sita hawajambo, mmoja anakohoa kidogo. Na binti yangu mkubwa, nimwite Edita ingawa si jina lake, amekuja kutoka Biharamulo mjini anakofanyia kazi, naye anawasalimu akiwa ameinamisha kichwa. Mwenye ukurasa, nifichie jina, maana kijiji ni kidogo.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mkulima wa maharage na migomba, shule niliishia darasa la nne. Mtanisamehe maandishi.

Edita alisomea kompyuta Mwanza. Aliporudi hakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, na hadi leo hana. Sisi wa mpakani mnatujua, ukiomba namba unaulizwa babu yako alizikwa wapi, na ulete mtu aliyemwona akizikwa. Sasa bila namba hupati laini ya simu. Nikampeleka gulioni kwa msajili wa laini, nikaweka dole gumba langu, laini ikatoka kwa jina langu, nikampa. Hapa kwetu vijana wengi wanapiga simu kwa vidole vya mama zao. Hatukuona kama ni kosa, tuliona ni kumvusha mtoto.

Kumbe Edita alitengeneza programu. Kuna gemu ya kulima kwenye simu, watu wa nchi nyingi wanaicheza. Wanapanda, wanapalilia, wanavuna, na anayevuna sana anapanda cheo. Programu ya Edita inamlimia mtu hata akiwa amelala. Akawa anaiuza mtandaoni, na wanunuzi walimpata kwa ile laini. Mimi nilijua tu anauza kitu cha kompyuta. Aliponiletea mabati ya jiko sikuuliza, nilishukuru.

Mwezi uliopita mtendaji wa kijiji akaniita ofisini. Ana barua ya wakili kutoka Dar es Salaam, ya Kiingereza, juu yake majina yangu yote matatu.

"Mama Edita," akasema, "kumbe wewe ni fundi wa kompyuta, na hii ya ofisi imekufa tangu Krismasi unatuangalia tu."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao, sikujua. Kisha akanielezea pole pole kwa Kiswahili. Wenye gemu wamefuata namba ya ile laini wakakuta jina langu, na wanasema mimi nauza programu ya kudanganyia, nimevunja masharti yao na kuwaharibia biashara. Niache, niikabidhi, la sivyo tukutane mahakamani. Kicheko kikaniganda mdomoni.

Edita akaja kesho yake. Nikamuuliza, "Umeiba?"

"Sijaiba, mama. Ni kama msaragambo tu. Usipoweza kwenda kwenye kazi ya kijiji, si unamtuma mtu akulimie? Kuna aliyewahi kukuita mwizi?"

"Ninayemtuma anatoka jasho, Edita. Hiyo ya kwako inatoka nini?"



Tukaenda kwa wakili mmoja mwanamke, Biharamulo. Alinitoa hofu ya gereza, akasema hiyo ni kesi ya madai, na hata mawakili wenyewe wanabishana kama kuvunja masharti ya gemu kunatosha kumdai mtu fidia. Ila akasema lazima nile kiapo cha maandishi kwamba laini ni yangu, na programu ni ya binti yangu, nimtaje jina. Nisipomtaja, wataendelea kunishika mimi. Akaongeza kwamba kumpa mtu laini uliyoisajili wewe nako ni kosa.

Edita anataka nitie sahihi. Mimi naogopa. Maombi yake ya namba yapo mezani kwa wakubwa, juzi tu mzee jirani amekwenda kumshuhudia. Jina lake likifika mahakamani, si watasema tazameni, kwanza huyu hata si wa kwetu? Nikamwambia, "Nifundishe hiyo programu. Hakimu akiniuliza, nitajibu kama ni mimi niliyeitengeneza."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, wewe simu ikizima unaipuliza."

Lakini alinifundisha, siku mbili, nikitoka shambani. Kuiwasha najua. Nikaona kwenye kioo cha kompyuta yake mahindi yanavunwa na hakuna mtu, yanakwenda yenyewe, nikasisimka mwili. Chini palikuwa na maneno ya wachezaji, nikamwomba anisomee. Mmoja, mama wa nchi nisiyoijua, ameandika kwamba analima kwa mkono wake kila siku huku ananyonyesha, na hajawahi kupanda cheo, anauliza ni nani hao wanaomtangulia.

Edita akafunga kompyuta. Akasema, "Nimeacha kuiuza, mama. Lakini nilichofanya nimekifanya mimi. Usinibebee."

Sasa huyo mama namwonea huruma, maana mimi jembe nalijua. Na mwanangu namwonea huruma zaidi, nimzae mimi kisha nimtaje mimi. Karatasi ya wakili nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo, inataka sahihi na dole gumba. Dole lenyewe ni lile lile nililompa nalo jina langu, leo ndilo wanalotaka nimvue nalo jina hilo.

Wazazi wenzangu, na nyie mliosoma, nimtaje, au ninyamaze nikasimame mwenyewe mbele ya hakimu? Nishaurini mwenzenu, nifanye nini. Mtoto msinitukanie. Wakili anatungoja Ijumaa, basi leteni neno mapema, maana hata nikichambua maharage nakiangalia kidole hiki.