Hodi ya Nahodha

Yarisel, mpishi wa mtumbwi wa tanga unaozungusha wageni visiwani, amemjua nahodha wake kwa hodi zake. Kila wakikaribia kisiwa, hata kisichokaliwa na mtu, nahodha huteremsha tanga, hupangusa mdomo kwa kiganja chenye sugu za kamba, kisha humwita mwenye minazi kwa jina. Asipojibiwa, hungoja kiasi cha mtu kujibu, ndipo wageni hushuka. Wao hucheka.

Juzi walifika kisiwa chenye mahema mapya, naye hakuteremsha tanga wala kuita. Aliupandisha mtumbwi mchangani moja kwa moja, kama mtu anayeingia kwao. Atilio, mpwa wake, akatoka mbio na fulana ya kampuni ya utalii.

"Mjomba! Siku hizi hapa na wewe unapiga hodi. Kisiwa tumekikodisha."

Nahodha akaitazama ile minazi aliyoipanda na mama yake. Akausukuma mtumbwi nyuma mpaka maji yakamfika kifuani, akapangusa mdomo, akaita jina la mama yake, "Nagegiryai!"

"Bibi alishakufa, mjomba, usinitie aibu mbele ya wageni. Niite mimi."

Yarisel akaona kile kiganja kikipita mdomoni mara ya pili.

"Atilio!" nahodha akaita, kwa sauti ileile.

"Karibuni!"

Wageni wakapiga makofi. Nahodha akausogeza mtumbwi hadi maji ya magotini, akawashusha mmoja mmoja kwa mkono, kisha akabaki majini, ameshika kamba.

"Na wewe mzee, hushuki?" Yarisel akauliza.

"Namngoja mwenye minazi ajibu."