Sikuvuka Boda

Mume wangu alipomaliza albamu yake, mimi ndiye niliyepika pilau ya uzinduzi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kuna watu hapa Tunduma wanaoamini kwamba siku hizo nilikuwa Zambia na dereva wa lori. Nilikuwa jikoni. Nilikuwa na mtoto mgongoni, natoa mawe kwenye mchele, na yeye anapita kila mara kuonja nyama na kuniambia, waifu, safari hii tunatoka.

Anarap tangu tukiwa sekondari. Mimi nauza mchele wa Kamsamba sokoni, yeye anashinda kule Mpemba, nje kidogo ya mji, kwenye studio ya rafiki yake anayetengeneza biti. Sikuwahi kumnung'unikia. Mume wa mwingine anashinda kwenye pombe, wangu anashinda kwenye spika, nafuu ipo. Nyimbo zake karibu zote nilizisikia zikiwa mbichi, anazirap huku ananyoa ndevu. Mmoja tu aliuficha. Alisema ni sapraizi.

Uzinduzi ulifanyika alasiri, kwenye uwanja wa baa moja huko huko Mpemba. Watu walijaa kuliko tulivyotegemea: madereva waliokwama kwenye foleni ya malori, vijana wa pikipiki, hata Wazambia wa Nakonde. Mimi nilikaa mbele na kitenge kipya, mtoto mapajani. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri, na sitadanganya, nilijivuna. Kisha biti ikazimika, ikaja sauti ya mtoto analia.

Mama anakijua kilio cha mwanawe. Hata mtoto mwenyewe nadhani alijijua, au alishtuka tu, maana alitazama spika kisha akanitazama mimi. Kilikuwa kilio cha siku tuliyotoka kliniki kuchomwa sindano ya chanjo. Paja lilikuwa limevimba, mimi namkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, baba yake kaegesha simu kwenye stuli. Nilidhani anaangalia mpira, kumbe anarekodi. Na siku ile niliongea muda wote: pole baba, pole, mama yupo, linapoa. Kwenye wimbo sauti yangu haimo. Wamechukua vipande vya pale niliponyamaza kuvuta pumzi, wakaviunganisha, mtoto akabaki peke yake kama katupwa.

Halafu ikaja mistari. Mama kavuka boda kafuata lori, kaacha mtoto na chupa tupu, baba ndiye mama sasa. Chupa! Mwanangu hajawahi kushika chupa. Muda ule ule alikuwa anapekua blauzi yangu anataka kunyonya.

Wanawake nyuma yangu wakaanza kufuta machozi. Mume wangu jukwaani kapiga goti moja, kafumba macho. Nilitaka kusimama niondoke. Lakini nikajiuliza, nikiondoka na watu wote hawa wananiona, si ndiyo nitakuwa nimeutimiza wimbo wenyewe? Nikakaa. Nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza. Alisema ni stori tu, kila mtu Tunduma anamjua mwanamke wa namna hiyo. Nikamwambia basi ungemwimba huyo unayemjua, na mtoto ungeazima wake.

Nyimbo za hapa hazingoji redio. Kuna vijana wa kuingiza nyimbo kwenye flashi pale stendi. Dereva anabeba albamu kabla hata hajagongewa pasipoti, na wimbo unafika Lusaka kabla ya mzigo kushushwa. Nilimfuata kijana mmoja nikamwomba aufute ule wimbo kwenye kompyuta yake. Alinicheka, lakini kwa adabu. "Dada, huo ndio wanaouomba. Nyingine nawapa nyongeza."

Basi kila pikipiki iliyopita sokoni ilipita na mwanangu analia. Nilihamisha meza upande wa pili, nikakuta saluni yenye spika. Nikarudi nilikotoka. Sikuwa natulia, nauza nimesimama, nakula nimesimama, mtu akinitazama mara mbili namuuliza anataka nini. Mteja wangu wa siku nyingi kutoka Nakonde, mama mpole kabisa, aliniinamia, akaniita mama kwa lugha yao, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bamayo, umerudi lini?" Nilimpimia mchele wake, nikamfungia.

Wakaja akina mama wa kanisani, na unga na sabuni, kama wanavyomwendea mtu mwenye matatizo. Kiongozi wao aliomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa kondoo aliyepotea na kuonekana. Aliposema amina nikamwambia, mama, Jumapili iliyopita nilikaa benchi moja na wewe, tulishika kitabu kimoja cha tenzi. Akanipapasa bega. "Tunajua, mwanangu. Lakini moyo unaweza kusafiri mwili ukiwa umekaa." Sabuni niliwarudishia. Unga nilibaki nao.

Yote hayo ningeyameza. Lakini mume wangu akaitwa redioni, akaulizwa kama ule wimbo ni wa kweli, naye akajibu kwamba ni maisha yake halisi, hajaongeza chumvi. Na redio hiyo inasikika mpaka Hasamba, kijijini kwa mama yake.

Mama mkwe alifika asubuhi, na mbeleko mpya kwenye mfuko. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na mtoto aliyekimbiwa na mama hulelewa na bibi yake. Hilo halina kikao. Alinisalimia vizuri tu, chai akaikataa, akasema amemfuata mjukuu wake. Kule kitanda kimeshatandikwa na majirani wanajua anarudi naye. Nilikuwa namnyonyesha huyo mjukuu wakati ule ule. Nilisimama naye hivyo hivyo, nikaanza kuzunguka sebule, kutoka mlangoni hadi dirishani, maana niliona nikikaa chini atachukuliwa. Nikamwambia, mama, kabla hujamgusa, muite kijana wako.

Akampigia. Akaja na miwani yake ya jua, akaivua alipoona mfuko.

"Baba," mama yake akamwambia, "huyu aliondoka au hakuondoka?"

Akaanza kueleza kwamba msanii ni kioo cha jamii, kwamba kuna uhalisia wa mtu na uhalisia wa mtaa.

"Sijauliza kioo. Mimi nalima kahawa. Aliondoka au hakuondoka?"

Akatazama chini. "Hakuondoka, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Mama mkwe akaikunja mbeleko, akairudisha kwenye mfuko, akaniambia sasa naweza kuleta ile chai. Nilidhani nitapumua. Wapi, hasira ndiyo kwanza ikapanda. Ukweli kausema sebuleni, mbele ya mama yake na mimi. Uongo kausemea kwenye maiki, umefika mpaka kwa watu nisiojua lugha yao. Na akija shangazi yake kesho na mbeleko nyingine?

"Hilo ulilosema hapa," nikamwambia, "kaliseme kule kule ulikonisema."

"Mashabiki wataniona feki."

"Na mimi wananionaje?"

Alimgeukia mama yake amsaidie. Mama yake alikuwa anapuliza chai.

Siku hiyo hiyo nilichukua gunia tupu la mchele, nikatia viatu vyake, kofia zake, na ile suruali ya jukwaani, nikalitoa nje. Nikamwambia studio ina godoro, na siku atakayoshika maiki akasema mke wangu hakuondoka, gunia litarudi ndani. Mpaka leo yuko huko. Mchana anakuja sokoni kumbeba mtoto, simkatazi, mtoto ni wake, na mtoto akimwona anachekelea. Shoo anazipata. Amekwenda Vwawa, amekwenda Mkwajuni, na nasikia wachimba dhahabu wa kule waliimba kiitikio chote wamewasha tochi za simu. Anasema nimvumilie shoo ziishe, atalizungumza. Namjibu kwamba mimi nilizungumzwa kabla shoo hazijaanza.

Mama mkwe hunipigia. Hasemi mengi, anauliza hali ya mtoto, anauliza kama anakula. Jana aliuliza moja kwa moja.

"Ameshasema?"

"Bado, mama."

Nikamsikia anafukuza kuku wake.

"Basi hata huku asije."