Mama Mapazia na Kona za Kushukia Ziwani

Mtaani walimwita Mama Mapazia kwa sababu nusu ya madirisha ya mtaa ule yalivaa kazi ya mikono yake. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na mlango, na kitambaa kikiwa kirefu kilitambaa hadi chini ya meza ya chakula. Mumewe akikikanyaga aliomba radhi, kama vile amemkanyaga mtu.

Mumewe alikuwa haoni. Presha ya macho ilianza kumwibia pembeni, ikasogea katikati taratibu, mpaka yule aliyeendesha gari la wagonjwa wa hospitali ujana wake wote akabaki anapapasa kikombe cha chai. Watu bado walimwita Dereva.

Gari lake mwenyewe lilikaa uani chini ya turubai: la kale, rangi ya maziwa, mgongo wa mviringo, gia imechomoza kwenye shingo ya usukani. Mkewe alijifunza kuendesha kwa gari hilohilo. Tangu macho ya mumewe yazime, alikuwa akilipeleka dukani na kulirudisha, huku akikwepa barabara yoyote yenye mwinuko.

Kwa hiyo siku alipomsikia mumewe akiongea kwenye simu na kiongozi wa msafara wa magari ya kale, mkasi ulimtoka mkononi.

"Ndiyo, Kapteni, tupo," Dereva alikuwa anasema. "Tutapanda mlima na nyinyi mpaka ziwani. Mke wangu ataendesha."

"Mkeo yupi huyo?" aliuliza simu ilipokatika.

"Kwani ninaye mwingine?"

"Mume wangu, mimi mlima siuwezi. Zile kona za kushukia ziwani hata wewe ulikuwa ukizifika unanyamaza."

"Unaweza. Nakaa pembeni yako, nasikia unavyobadilisha gia."

Binti yao alipopata habari alikuja juu. "Mama, baba atawamaliza wote wawili!" Mama Mapazia alikubaliana naye kila neno, lakini kinywa chake kikasema kingine: "Baba yako ameshaacha vitu vingi, mwanangu. Hiki nacho nimwachishe mimi?"

Juma lile alishona huku mawazo yako mlimani. Mteja mmoja alirudisha pazia kwa sababu maua yote yalikuwa kichwa chini.

Asubuhi ya safari walikutana kwenye uwanja wa mpira. Magari yalikuwa yamepangwa yanang'aa, boneti zimefunguliwa, na wanaume wanachungulia injini za wenzao kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Kapteni, mfamasia mmoja mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alipita akisisitiza watu waachiane nafasi barabarani. Alipofika kwao aliinama dirishani.

"Shemeji, uko tayari?"

"Hapana," alisema Mama Mapazia. Kapteni akacheka, akidhani ni utani.

Kwenye kupanda Mama Mapazia alijikaza kisabuni. Aliyatundika macho kwenye bamba la namba la gari jekundu lililokuwa mbele yake, akawa haoni kingine duniani. Jasho jembamba lilimshuka mgongoni.

"Tumeingia msituni?" Dereva aliuliza. Alikuwa ameteremsha kioo, uso nje kidogo, kama mtu anayenawa.

"Sijui."

"Huoni miti?"

"Naona barabara."

Akarudisha uso ndani, na hilo likamchoma mkewe. Mtu amekuja kutembezwa, hata neno moja hapewi? Basi akajaribu. "Kuna bonde hapa kushoto," alisema bila kugeuza shingo. "La kijani. Na mto unang'aa huko chini."

"Kushoto?"

"Eeh."

"Mke wangu, kushoto hapa ni ukuta wa mawe. Nasikia sauti ya injini inavyoturudia."

Alitupa jicho. Ukuta wa mawe, mkavu, karibu kugusa kioo. Wote wawili walicheka mpaka gari likayumba, naye akashtuka na kuacha kucheka papo hapo.

Kisha wakavuka kilele, barabara ikainamisha kichwa.

Kona zilifuatana bila kumpa nafasi ya kumeza mate. Alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga. Gari jekundu lilipotea na kutokea. Baada ya muda pedali ikaanza kuwa laini chini ya kiatu, kama anakanyaga godoro, na harufu ya kuungua ikaingia ndani.

"Breki hazishiki," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Rudi gia ya pili."

Gia ilisaga meno, ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa tena. Kona nyingine ilikuwa inakuja, na nyuma ya kona hiyo anga tupu.

"Gusa mafuta kidogo, halafu ingiza! Ingiza!"

Iliingia kwa kishindo, injini ikapiga kelele, lakini mwendo ulipungua kwa shida. Ndipo akaona, kulia, njia ya changarawe inayopanda kuelekea kwenye machimbo ya mawe. Hakuuliza. Alikata usukani, kokoto zikarukia chini ya gari, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Gari lilipanda, likachoka, likasimama.

Moshi mwembamba ulitoka kwenye magurudumu.

"Tumesimama?" Dereva aliuliza.

"Tumesimama."

Dereva alivuta hewa puani. Halafu akasema, "Harufu niliisikia mapema. Tangu kona za juu."

"Ukanyamaza?"

"Nilijua nikisema utageuza turudi nyumbani."

Alimgeukia mumewe. Hasira ilipanda, ikakutana na woga ambao ulikuwa haujashuka. "Unanipakia kwenye gari lako, unanipa roho yako na yangu nizishike, halafu unanificha?" Alikuwa analia sasa. "Wewe ndiye pua na masikio humu. Ukisikia kitu, sema. La sivyo panda basi."

"Nimekosea," alisema Dereva. "Nilikuwa naogopa kama wewe. Zaidi, maana mimi sina cha kushika."

Kapteni alirudi akihema, akamwambia Dereva kuwa fundi wa msafara anaweza kuliteremsha gari.

"Muulize dereva," alisema yule mzee, akielekeza kidevu kwa mkewe.

Mama Mapazia alishuka garini. Bonde lote lilikuwa wazi mbele yake, ziwa limelala mwishoni, na hakulipenda hata kidogo. "Breki zipoe kwanza," alisema. "Fundi atangulie polepole, nami nitamfuata kwa gia ya kwanza."

Waliteremka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Dereva alitaja kila harufu na kila mlio, hata isiyokuwa na maana, mpaka mkewe akatamani anyamaze. Ziwani walikuta wenzao wameshakula. Walimpigia makofi, naye akaenda kukaa nyuma ya gari, peke yake.

Kurudi walizunguka kwa barabara ya chini, ndefu na bapa. Gari likaenda gereji, likafungwa breki mpya, na Mama Mapazia akaanza kujizoeza nalo asubuhi kabla mitaa haijachangamka.

Mwaka uliofuata Kapteni alipopiga simu, yeye ndiye aliyepokea. Alisema watakuja, ila watapita chini, wakutane ziwani. Dereva alilalamika kutwa nzima. Mkewe alimwacha alalamike, akaendelea kushona.