Jina la Binti Yangu kwenye Kisahani

Nilijikuta nimesimama. Mbele ya ukumbi wa parokia, hapa Likasi, wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanatuonyesha ukutani picha ya kisahani cha maabara kilichojaa madoa ya njano, na kwenye kifuniko chake, kwa wino wa buluu, mtu alikuwa ameandika jina la binti yangu. Jina la nyumbani, lile nililombembelezea. Watu wakapiga makofi.

"Weye! Ile jina ulitoa wapi?"

Msichana mmoja wa kikundi hicho akanijia mbio. Nilimfahamu. "Yaya, dada yangu, ikala chini kwanza. Tulipatia microbe ya kidonda chake jina yake juu ya heshima. Kama vile tunapatiaka mutoto jina ya mukubwa."

"Heshima? Njo hiyo microbe ilimuua!"

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ee! Sasa microbe iko na jina. Inabakia paka ubatizo tu!" Wengine wakacheka. Sikugeuka.

Binti yangu alikuwa ameanza tu kukimbia. Akaligonga jiko la makaa, maharagwe yanayochemka yakammwagikia pajani. Hospitalini kidonda kikaanza kunuka, wauguzi wakawa wanamchoma sindano asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyemshika miguu. Siku moja wakaja wanafunzi na vijiti vya pamba vya kuchukulia usaha wa kidonda. Msichana huyohuyo wa ukumbini alinieleza vizuri: dawa tunazozijua zinashindwa, kwa hiyo wao wanamfundisha bakteria mpole kutengeneza kitu cha kupasua ukuta wa bakteria mkali. Kabla ya kugusa kidonda alipuliza glavu ikawa puto lenye vidole vitano. Mtoto akaliita kuku. Akacheka, yeye aliyekuwa hacheki tena.

Nikasema, chukueni.

Glavu ilikuwa bado haijaisha hewa tulipomzika. Kwetu, aliyemshika mtoto mikononi huja kwenye kilio, hata kama ni kukaa kidogo kwenye kiti na kunyamaza. Jirani tuliyegombana naye alikuja. Mwuza makaa alikuja. Kila nikisikia mlango wa ua, nilidhani ni msichana yule. Hakuja.

Sasa alikuwa mbele yangu, na mwenzake alikuwa ameshawaambia watu kwamba microbe hiyo waliijaribu kwa dawa zote za hospitali ikakataa kufa. Akazitaja. Ya sindano ya binti yangu ilikuwemo.

"Mulijua siku gani?"

Akatazama viatu vyake. "Mutoto alikuwa angali ku kitanda."

"Na hamukusema?"

"Ilikuwa ya utafiti, yaya, haikukuwa ya matibabu. Bakubwa betu balitukataza kutoa matokeo."

"Wangebadilisha dawa, angepona?"

"Sijue." Akaanza kulia. "Sijue, yaya."

Angesema hapana, ningelala. Angesema ndiyo, ningemrarua. Hiyo sijue ndiyo ninayoamka nayo. Nikiosha vyombo naiona miguu ya binti yangu mikononi mwangu, inapiga mateke, na mimi namwambia vumilia, hii ndiyo itakuponya. Kumbe maji tu ndiyo tuliyokuwa tunamchoma, na kuna watu walijua.

Kesho yake nilipanda teksi-basi hadi chuoni kwao. Karani akataka malalamiko yangu niyaandike kwa Kifaransa. Kifaransa ninakijua, nimemaliza sekondari. Lakini mtoto wangu nilimlilia kwa Kiswahili. Akaona uso wangu, akaipokea barua ya Kiswahili, akagonga muhuri. Niliandika hivi:

"Mimi ni mama wa mtoto ambaye jina lake mmeliandika kwenye kisahani. Ninalalamika kwamba mliona dawa yake haifanyi kazi, mkanyamaza, naye akiwa hai. Ninalalamika kwamba watu wa ukumbini waliambiwa kabla yangu. Siombi kazi ya wanafunzi isimamishwe. Dawa yao ikifaulu, iwafikie watoto wa wengine haraka. Ninaomba kila mama ambaye mtoto wake mmemgusa kwa kijiti aambiwe mlichokiona, na daktari wake aambiwe, siku ileile. Ninaomba pia mfute jina. Microbe hiyo mnaihifadhi kwenye baridi na kuilisha ili isife. Mwenye jina yuko makaburini. Msimwachie muuaji wake jina hilo."