Client wetu mkubwa alitaka admin ya registry yetu. Nilikataa, na bado nakataa

Wakuu, sasa.

Leo nimeingia hapa nikiwa na jambo moja, na nitalisema vile lilitokea. Chumvi sitaongeza. Majina ya kliniki nimeyaacha.

Mimi ni developer. Na rafiki yangu Kimani tuko na ofisi ndogo juu ya agrovet, duka la dawa za mifugo na mbegu, huku Gatongora. Tunatengenezea kliniki za private mifumo ya kompyuta: usajili wa wagonjwa, malipo, na ile hesabu ya kumwonyesha nurse mtoto wa uzito fulani apewe dawa kiasi gani.

Zamani tulikuwa tunakopi hiyo hesabu kwa mfumo wa kila kliniki. Ukirekebisha kosa Juja, Thika bado liko. Ilikuwa wazimu.

Ndio tukahamia registry ya private, iko kwa cloud. Kwa wale hawajui, ni kama stoo ya mtandaoni yenye kufuli. Unaweka kipande cha code, yaani package, na namba ya toleo. Mifumo ya kliniki zote inachukua kutoka hapo. Kila kliniki ina token, ufunguo wa kuchukua tu. Kuweka kitu kipya ni mimi na Kimani peke yetu, kila mmoja na token yake.

Ukirekebisha mara moja, umerekebisha kote. (Na ukiharibu mara moja pia, umeharibu kote. Shikeni hapo.)

Sasa, client wetu mkubwa alikuwa daktari mmoja wa Thika, mwenye matawi kadhaa. Mzee wa heshima, anasali kanisa moja na mamangu. Akaajiri meneja mpya wa IT, na huyo meneja ombi lake la kwanza likawa admin ya registry yote, yaani ruhusa ya kuweka na kubadilisha chochote.

Tukaitwa Thika. Nikawaambia code yao watapata yote, bila shida. Admin hapana, kwa sababu huko ndani kuna kliniki za watu wengine.

"Nyambura," daktari akasema, "mimi ndio niliwashika mkono mkiwa hamjulikani."

"Ni kweli daktari, na nashukuru. Lakini huo ufunguo si wangu wa kupeana."

Meneja akacheka. "Ni code tu, madam. Hatujaomba figo."

Tukitoka, Kimani akaniambia, "Si tuwape tu? Hawa wakienda, tumekwisha."

Nikakataa.

Jumapili daktari akamshika mamangu nje ya kanisa. Mama akanipigia: "Kwani ukimpa utapungukiwa na nini?"

"Usingizi, maitu."

Hakufurahi. Sikubadilisha.

Wiki hiyo hiyo, tuko ofisini na Kimani tunakunywa chai ya saa nne. Laptop yake imefungwa, chapati iko mkononi. Simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa registry: toleo jipya la package ya dawa limewekwa. Limewekwa na Kimani.

Nikamwangalia. Yeye akaangalia chai.

"Nani ako na token yako?"

"Nyambura, nilikuwa naokoa kazi yetu."

Wakuu, alikuwa amempa yule meneja. Nikafungua hilo toleo nione kumebadilishwa nini.

Meneja hakuwa na nia mbaya, hapo nitamtetea. Kliniki yake ilikuwa imeanza kununua syrup ya homa ambayo nguvu yake ni nusu, kwa hivyo akabadilisha hesabu mililita ziwe mara mbili. Kwake ilikuwa sawa kabisa.

Lakini Juja wanatumia ile ya kawaida. Mtoto wa Juja angepewa dawa mara mbili.

Na Juja walikuwa wafanye update mchana huo.

Nikazima token ya Kimani palepale, nikaondoa hilo toleo, nikampigia nurse msimamizi wa Juja. "Update ya leo usiguse mpaka nifike."

"Kuna nini?"

Nikamwambia yote, bila kuficha jina la mtu. Nikaenda mwenyewe, nikakuta mfumo bado uko kwa toleo la zamani. Hakuna mtoto aliguswa.

Kutoka hapo nikampigia daktari. Nikamweleza, nikamwambia tutawatengenezea package yao peke yao inayojua syrup yao. Akasema, "Mngetupa admin mapema, hatungepitia mlango wa nyuma."

"Daktari, mngepitia wa mbele, mtoto angeumia vilevile."

Akakata simu. Kesho yake wakavunja mkataba.

Iliuma, sitadanganya. Tulibaki na client wadogo tu.

Na Kimani? Tulinuniana sana. Lakini siku moja alienda Juja bila kutumwa, kumwomba yule nurse msamaha. Aliporudi akakaa bila kuvua jaketi. "Foleni ilikuwa ya watoto tu," akasema. Hatujaongea tena juu ya kuokoa kazi. Siku hizi toleo jipya halitoki mpaka sisi wawili tukubali, na hiyo sheria aliiandika yeye.

Nilichojifunza: registry ya private si private kama ufunguo unazunguka. Kila mtu apewe kile anahitaji, basi. Client mkubwa akitaka zaidi, mshukuru kwa kazi yake halafu ukatae. Aende kama anaenda.

Haya, wenye kampuni ndogo kama yangu, nyinyi mngempa? Semeni wazi. Atakayesema angempa, aniambie pia mama wa mtoto wa Juja angemweleza nini.